Usikilaumu kioo kabla hujakigeuza

Mnamo Julai 1994 vipande vya nyotamkia iliyoitwa Shoemaker-Levy 9 viliigonga sayari ya Mushtari, kimoja baada ya kingine, kuanzia tarehe 16 hadi tarehe 22. Viliacha madoa meusi, mengine makubwa kuliko dunia yetu hii nzima. Hata darubini ndogo za watu wa kawaida ziliyaona.

Mimi sikuyaona. Wakati huo kioo cha darubini yetu kilikuwa kimelala ndani ya karai la maji machafu katika banda la mjomba wangu, karibu na Litein, kikingojea kusagwa upya kwa sababu tuliamini kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi na wanafunzi ambao wamekuwa wakiniuliza kama kweli mtu anaweza kujitengenezea darubini nyumbani. Jibu ni ndiyo, tena bila gharama ya kutisha. Lakini kuna mtego mmoja ambao wengi hunaswa nao wakiwa wamebakisha hatua chache tu, nami nilinaswa nao nikiwa na shahidi.

Mjomba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majanichai, mtu wa mikono ambaye hakuweza kukiona kitu bila kuuliza kimeundwaje. Alikuwa amepata kitabu kikuukuu cha Kiingereza kuhusu utengenezaji wa darubini, akawa anakisoma usiku kwa taa ya kandili. Nilipowasili kwake likizo ya Desemba 1993, hata sijatua mkoba, akaniambia: "Mpwa wangu, safari hii asubuhi tutachuma chai, jioni tutasaga kioo."

Kazi yenyewe haina uchawi. Unatafuta vioo viwili vinene vya mviringo, vyenye upana sawa. Vyetu vilikuwa na kipenyo cha sentimita 15 na unene wa karibu milimita 20. Kimoja unakifunga juu ya pipa lililojazwa mawe ili lisitikisike. Kingine unakisukuma juu yake, mbele na nyuma, katikati yao kukiwa na maji na unga mkali wa kusagia. Kadiri unavyosukuma, ndivyo kioo cha juu kinavyobonyea katikati na cha chini kinavyovimba. Unaanza na unga wa chenga kubwa, unaendelea na ulio laini zaidi, na mwishowe unang'arisha kwa lami na unga mwekundu kama ule wa masonara. Sisi tulitaka miale ikutane umbali wa sentimita 120 kutoka kwenye kioo, na kwa hivyo bonde letu lilihitaji kina cha milimita 1.2 pekee. Sarafu ya shilingi ni nene kuliko hapo.

Jambo moja kitabu kililisisitiza mno: usisimame mahali pamoja. Baada ya kila misukumo kadhaa unapiga hatua moja kulizunguka pipa, na kile kioo cha juu unakigeuza kidogo mkononi. Ukifanya uvivu, ukasugua kwa upande mmoja tu, bonde halitakuwa la duara sawasawa. Litajikunja zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, mithili ya kijiko. Bakuli hujikunja sawa pande zote. Kijiko hakifanyi hivyo. Kasoro hiyo ya kijiko ndiyo wataalamu wanaita astigimatizimu, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni kukosa nukta.

Na kweli nukta hukosekana. Nyota iko mbali kiasi kwamba katika darubini nzuri inapaswa kuonekana kama kitone tu. Kioo cha umbo la kijiko hakiwezi kuikusanya miale yote mahali pamoja. Miale ya upande mmoja hukutana mapema, ile ya upande unaoukata ikachelewa kidogo. Nyota hurefuka ikawa kistari. Ukiisogeza lenzi ya kutazamia, kistari hicho hufifia na kingine hutokea kikikatiza pale pale cha kwanza kilipokuwa. Katikati ya hivyo viwili unaona msalaba mdogo.

Likizo ya Aprili 1994 kioo chetu kilikuwa kimeng'aa. Tulikitia katika sanduku refu la mbao kabla hata hakijapakwa fedha, kwani kioo kitupu huakisi takriban asilimia 4 ya nuru na kiasi hicho chatosha kupimia. Tulilielekeza kwenye nyota angavu. Msalaba. Tukajaribu nyota nyingine. Msalaba. Mushtari yenyewe, iliyokuwa juu usiku kucha mwezi huo, ilionekana kama chungwa lililokaliwa.

Mjomba alinitazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa ukilizunguka pipa, au ulikuwa umeketi?"

Ukweli ni kwamba kuna jioni nilizoketi. Mvua ya mawe ilipokuwa ikiyapiga mabati ya banda, nami mikono imekufa ganzi, nilivuta kigoda nikawa nasukuma nikiwa nimekaa. Nilikiri kosa. Hukumu ilitolewa papo hapo: kioo kirudi kwenye pipa, kuanzia unga wa chenga. Shule zikafunguliwa, mjomba akabaki na kazi hiyo peke yake kila alipotoka zamu, na Julai ikaja ikapita.

Agosti kioo kilikuwa tayari kwa mara ya pili. Safari hii mjomba mwenyewe ndiye aliyesukuma, na yeye hakuwa mtu wa kuketi. Tulikirudisha sandukuni, tukalielekeza angani, nikachungulia.

Kioo kipya, msalaba ule ule, umeinamia upande ule ule.

Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Uso wa zamani ulikuwa umekwisha kuwa unga na kumwagwa shimoni, iweje kasoro yake irudi na mwelekeo wake? Lakini mtu aliyekwisha kuamua haulizi. Mjomba alisema huenda kioo chenyewe ni kibovu tangu kiwandani kilikotoka, akakifunga kwa gunia na kukitundika kwenye paa.

MTAALAMU WA MACHO

Mwaka huo nilikuwa nikisumbuliwa na kichwa kila jioni baada ya masomo ya usiku, na ubaoni nilikuwa nikichanganya tarakimu 3 na 8. Mama alinipeleka kupimwa macho shule zilipofungwa Desemba. Mtaalamu aliyenihudumia alinionyesha picha iliyochorwa mistari kama miale ya jua, kutoka katikati kuelekea pande zote. "Mistari yote ina weusi sawa?" Nikamwambia hapana. Ya wima ilikuwa mizito, ile ya kulala ilionekana kama imefutwafutwa. Akanivisha fremu nzito ya chuma, akatia lenzi, na badala ya kuibadilisha akaanza kuizungusha polepole pale pale ilipokuwa. Mistari iliyofifia ikawa inahama kadiri alivyozungusha, hadi ikafika mahali yote ikawa sawa.

Aliniambia nina astigimatizimu. Alidhani nimeshangaa kwa hofu, kumbe mimi nilikuwa nashangaa kulisikia neno la banda la mjomba ndani ya hospitali. Jicho nalo lina uso wa mbele uliovimba, na mara nyingi uso huo haukuvimba sawa pande zote. Ni kijiko kile kile, ila kimegeuzwa mgongo.

Lakini kilichonikaa akilini zaidi si jina la ugonjwa, ni ule mkono uliokuwa ukizungusha lenzi. Sisi kwa mwaka mzima tulikuwa tumesaga, tumeng'arisha, tumelaumiana. Hatukuwa tumekigeuza kioo hata mara moja.

Kwa wale ambao hawajafika Kericho au Bomet, huko kila mahali pana vituo vya kununulia majanichai: kibanda, foleni ya akina mama na vijana wenye vikapu, na mizani iliyoning'inizwa. Mkulima akiona kilo zimepungua, hakimbilii kumgombeza aliyechuma. Kwanza hutazama mizani ikiwa tupu inasoma nini. Kisha akipata nafasi hupima mzigo ule ule kwa mizani nyingine. Mjomba alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Kwa kioo, tulikuwa tumemgombeza mchumaji.

Nilifika kwake juma lile lile nikiwa na miwani mipya puani. Tulikishusha kioo, tukakiandika kwa chaki mgongoni: 1, 2, 3 na 4, kama saa. Tukakitia katika sanduku namba 1 ikiwa juu, tukatazama nyota, mjomba akachora kwenye karatasi mwelekeo wa kistari. Kisha tukakigeuza robo mzunguko, namba 2 ikawa juu. Kama kasoro ingekuwa ndani ya kioo, ingegeuka pamoja nacho, jinsi ufa wa sahani unavyogeuka ukiigeuza sahani. Haikugeuka. Kistari kilibaki palepale, kimeinama vilevile.

Kwa hivyo si kioo. Mjomba alipiga magoti nyuma ya sanduku akiwa na tochi. Kioo kilikuwa kimeshikwa na vipande vitatu vya mbao ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevigongomea kwa nyundo ili kisicheze. Alivilegeza mpaka karatasi ikaweza kupita kati ya mbao na kioo. Tukatazama tena. Msalaba ulikuwa umekwisha, karibu wote.

Karibu, kwa sababu kwangu mimi bado nyota zilikuwa na mkia mfupi kila nilipovua miwani kuchungulia. Kwa mjomba hapakuwa na mkia wowote. Nikainamisha kichwa begani huku nikichungulia, na mkia nao ukainama.

"Hilo sasa ni lako," mjomba akasema. "Hilo sikulitengeneza mimi."

NAMNA YA KUPIMA

Mwanafunzi anayetaka kujaribu hahitaji maabara. Kioo kilichotoka kuoshwa au kushikwashikwa kiache kwanza kitulie, kwani joto la kiganja hukivimbisha pale kiliposhikwa. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa sweta. Kioo kilichotolewa karibu na jiko kitahitaji saa nzima au zaidi kabla ya kusema kweli.

Kisimamishe wima juu ya vigingi viwili, bila kukibana popote. Mbele yake, kwa umbali wa mara mbili ya ule wa kukutanisha miale ya nyota (kwetu ni sentimita 240), weka tochi iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha yenye tundu la ncha ya sindano. Nuru itatoka tunduni, itagonga kioo, na kurudi karibu na ilikotoka. Mfaransa Léon Foucault ndiye aliyeonyesha mnamo 1858 kwamba ukiweka jicho nyuma ya nuru hiyo iliyorudi, na kuikata polepole kwa makali ya wembe, uso wa kioo hujichora mbele yako kwa vivuli. Uso ulio sawasawa huingia giza wote kwa pamoja. Usio sawa huonyesha vilima na mabonde. Wembe wa shilingi chache unaweza kukuonyesha bonde lenye kina cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa maoni yangu hakuna kipimo kingine cha nyumbani kinachokaribia hapo.

Hata hivyo wembe una upofu wake. Unapoukata mwanga kutoka kushoto kwenda kulia, hupima miteremko ya kushoto na kulia tu. Ya juu na chini hauioni. Kijiko kikisimama wima mbele yake kitapita kama bakuli. Ndiyo sababu kioo chetu kilipopita jaribio la wembe banda zima likashangilia, na nyota zilipokikataa hatukujua tumwamini nani. Dawa ni kukigeuza kioo nusu ya robo mzunguko, yaani digrii 45, na kukata tena. Kama ni kijiko, kivuli hakitaingia sambamba na makali ya wembe, bali kimshazari. Tena ukiupeleka wembe mbele na nyuma ya mahali miale inapokutana, mpaka wa kivuli utazunguka kama mshale wa saa.

Njia iliyo wazi zaidi ni kuuweka wembe kando kabisa na kutazama sura ya lile tundu kwa lenzi kali ya kutazamia. Isogeze lenzi mbele kidogo: kitone kinafunguka kuwa duara. Irudishe nyuma kupita mahali pa kukutana: kinafunguka tena. Ukipata duara pande zote mbili, furahi. Ukipata yai lililosimama upande huu na kulala upande ule, hapo pana astigimatizimu. Yai ambalo halibadilishi mwelekeo lina sababu nyingine, na mara nyingi ni tundu lenyewe lililotobolewa vibaya. Angalia pia tochi na jicho vikae karibu karibu, visiachane kwa zaidi ya sentimita chache. Vikiachana sana, kioo kitakuwa kinatazamwa kimshazari, na mshazari huo peke yake huzaa astigimatizimu ambayo haimo kiooni.

Ukishaliona yai, usiguse unga wa kusagia. Geuza kioo robo mzunguko. Wengine hukigeuza nusu mzunguko wakadhani wamepima, lakini yai lililopinduliwa kichwa chini ni yai lile lile. Robo ndiyo inayosema. Likizunguka na kioo, kasoro ni ya kioo, na pole sana, pipa linakungoja. Lisipozunguka, anza kuuliza vingine: vigingi vya chini, mbao zinazokibana, gundi iliyokauka nyuma yake. Katika darubini kamili kuna kile kioo kidogo cha bapa kinachogeuza miale kuelekea kando ya sanduku, nacho kisipokuwa bapa kabisa huleta msalaba. Zungusha na lenzi ya kutazamia katika tundu lake. Inamisha kichwa. Kila kimoja kigeuzwe peke yake, vingine vikikaa kimya.

Kuhusu jicho kuna hesabu ndogo inayosaidia. Gawanya kipenyo cha kioo kwa idadi ya mara ambazo darubini inakuza, nawe utapata unene wa mwanga unaoingia jichoni. Kioo cha milimita 150 kikikuza mara 30 hutoa mwanga wa milimita 5, unaopita sehemu kubwa ya jicho pamoja na makombo yake yote. Kikikuza mara 150 mwanga ni wa milimita 1 tu, na kasoro ya jicho hupungua mno. Basi msalaba unaoonekana kwa lenzi dhaifu na kutoweka kwa lenzi kali, aghalabu ni wako, si wa darubini.

SI SISI PEKE YETU

Mtu wa kwanza anayejulikana kuitibu kasoro hii kwa miwani alikuwa mwanafalaki. George Airy, Mwingereza aliyekuwa Cambridge, aligundua kwamba jicho lake la kushoto halimsaidii kusoma. Mnamo 1825 alitoboa kadi kwa sindano, akaitazama nuru ya tunduni huku akiisogeza, na kupima ni umbali gani nuru inageuka kuwa kistari cha upande mmoja, na ni umbali gani inageuka kistari cha upande wa pili. Kwa vipimo hivyo viwili akatengenezewa lenzi iliyojikunja upande mmoja kuliko mwingine. Miaka kumi baadaye alikuwa mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich. Airy alilitazama jicho lake kama kifaa miongoni mwa vifaa, akalipima kama angalivyopima kioo.

Kama wewe, mpenzi msomaji, unadhani kukiamini kifaa cha kupimia ni ujinga wa watu wa banda, kumbuka darubini ya Hubble. Ilirushwa angani Aprili 1990 ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4, na baada ya miezi miwili tu ilibainika kwamba picha zake zina ukungu. Ugonjwa wake haukuwa astigimatizimu. Kioo kilikuwa kimesagwa kupita kiasi ukingoni, sawasawa kuuzunguka wote. Lakini chanzo kilikuwa kipimo. Chombo kilichotumiwa kukipima kiwandani kilikuwa na lenzi iliyokaa milimita 1.3 mbali na mahali pake, na mafundi wakaking'arisha kioo kwa ustadi mkubwa ili kilingane na kipimo kibovu. Vipimo vingine viwili vilionyesha kasoro. Vilipuuzwa, kwa kuwa kile kikuu kiliaminika zaidi. Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993, mwezi ule ule mjomba aliponionyesha pipa.

Mjomba aliisikia habari hiyo redioni. Alicheka sana, kisha hakucheka tena.

ANGA YA NCHI YA CHAI

Vitabu vingi vya darubini vimeandikwa na watu wa kaskazini, nao hukushauri upime kioo kwa nyota ya Kaskazini, kwa sababu haihami na hivyo haitoki katika lenzi. Ushauri huo huku ni bure. Kericho iko chini ya nusu digrii kusini mwa Ikweta, Bomet chini ya digrii moja, na nyota hiyo huwa imelala kwenye upeo wa macho kabisa, nyuma ya vilima na mikaratusi. Nyota zetu zinapita juu kwa kasi, na anayepima kioo kwa darubini isiyozunguka yenyewe ana sekunde chache tu kabla nyota haijaponyoka.

Isitoshe, mawingu. Kericho na milima ya Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Alasiri hunguruma, jioni hunyesha, na usiku ukungu hupanda kutoka mabondeni. Unaweza kuwa na kioo tayari na ukakaa wiki mbili bila kuona nyota.

Lakini nchi hiyo hiyo ina zawadi yake. Mashamba ya chai hukatwa juu yakawa bapa kama meza, na kutoka kilima kimoja hadi kingine macho hayazuiliwi na kitu. Tafuta gololi ya chuma iliyotoka katika beringi ya gari, yenye upana wa sentimita moja, uibandike kwenye kigingi upande wa pili wa shamba, mita 50 au zaidi kutoka kwenye darubini, mahali jua linapoifikia. Jua litajiakisi ndani yake likawa kitone kisichofika hata sehemu ya kumi ya milimita, na kutoka ng'ambo ile kitone hicho ni nyota kamili. Haiendi popote. Unaweza kukigeuza kioo kwa utulivu, robo kwa robo, ukichora kila mara.

Fanya hivyo asubuhi na mapema, kabla ardhi haijapata joto na hewa juu ya majani kuanza kutetemeka. Usipitishe macho juu ya bomba la moshi la kiwanda. Nawasihi wazazi, jua liwe nyuma ya mgongo wa mtoto wakati wote, na darubini isielekezwe kwalo hata kwa mzaha. Jicho hupofuka kwa nukta moja ya muda.

Na huku mtoto akipimiwa kioo, mtazame na yeye. Anayeinamisha kichwa kila akisoma, anayekunja uso akitazama ubao, anayechanganya herufi zinazofanana, anayelalamika kichwa jioni, mpeleke apimwe. Hospitali ya Tenwek kule Bomet ina kitengo cha macho, na hospitali nyingi kubwa za kaunti pia huwa na huduma hiyo. Mwalimu wangu mmoja alikuwa ameniandika mzembe.

Kioo chetu tulikipaka fedha mapema mwaka uliofuata. Madoa ya Mushtari yalikuwa yamekwisha kufutika zamani. Agosti 1995, usiku mmoja ambao mvua ilikuwa imesahau kunyesha, tulingoja Zohali ichomoze, kwani mjomba alikuwa amewaahidi majirani kuwaonyesha pete yake. Kibanda kilijaa. Nilichungulia wa kwanza, moyo ukanishuka. Hapakuwa na pete. Palikuwa na kitufe cha manjano kilichochomwa katikati na kistari chembamba kama sindano, kimetokeza pande zote mbili.

"Mjomba," nikanong'ona, "kistari kimerudi."

Hakunijibu. Alizunguka nyuma ya sanduku, akalegeza mbao, akakigeuza kioo robo mzunguko mbele ya watu wote. Nikachungulia: kistari palepale. Akazungusha lenzi: palepale. Nikainamisha kichwa begani, miwani nikiwa nimeivua. Palepale. Majirani walikuwa wakitutazama kama watu wanaofanya tambiko.

Mjomba alichungulia mwenyewe, kimya, muda mrefu kuliko kawaida yake. Mwaka huo dunia ilikuwa imepita mahali ambapo pete za Zohali huonekana kwa ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 14 au 15 hivi na ambalo lilirudi tena mwaka 2025. Alisimama akajinyoosha mgongo.

"Haya, njooni muone," akawaambia. "Hiyo ni yake mwenyewe."